Kulwa Kanunua Bunduki

Jumatano, 1 Mei
Nimekamua ng'ombe wanne. Maziwa machache, nyasi zinaanza kukauka. Mke wangu Minza yuko shambani anachuma pamba. Mayu, mama yetu, kanywa uji wote leo.

Saa nne ikafika habari kwamba Kulwa kanunua bunduki. Shotigani, ya kibali, kaitoa Mwanza. Pacha wangu, tumelala tumbo moja, paa la nyumba yake naliona nikiwa hapa nilipokaa. Nami habari naipata kwa muuza dagaa.

Alhamisi, 2 Mei
Nilikwenda kumpongeza. Uongo. Nilikwenda kuiona. Mtutu mmoja, mrefu, kitako cha mti mwekundu. Watu kumi na zaidi wamejaa uani, wamekaa hata juu ya vinu. Kulwa kaniuliza kama nataka kuishika. Nikasema mikono yangu ina mafuta. Haikuwa na mafuta.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba, kila jioni lazima niandike kitu. Ghala lilifungwa, tabia ikabaki.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani Kulwa kapewa benchi la mbele. Bunduki kaiacha nyumbani kama sheria inavyotaka, lakini watu wanamwona nayo hata mikono mitupu. Mimi nimekaa karibu na mlango, kwenye vumbi. Mahubiri sikuyasikia.

Ijumaa, 17 Mei
Fisi kala ndama wangu alfajiri. Yule mwenye doa jeupe. Nyayo nimezifuata: kapita nyuma ya boma la Kulwa, hakugusa kitu, akaja kwangu moja kwa moja. Minza anasema fisi hajui habari za bunduki. Nasema anajua.

Jumatatu, 20 Mei
Tumbo linaniuma siku ya tatu. Mayu kanitazama, akasema hana haja ya daktari, ugonjwa anaujua. Tulipokuwa wadogo, Kulwa akinunuliwa shati nami nisinunuliwe, usiku huohuo mimi homa. Kwa hiyo baba alikuwa akinunua viwili viwili, hata kama ni vibovu. Mapacha hawapewi kimoja. Kila mtu hapa anajua hivyo, hata wachungaji wa kanisa, ingawa hawasemi.

Mayu kasema, "Kulwa ana bunduki. Doto apate bunduki. Basi."

Nimefurahi kuliko inavyofaa mtu wa miaka hamsini na minane.

Jumanne, 4 Juni
Ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu ni binti kutoka Songea, anaandika haraka, hacheki. Kanipa fomu. Sababu ya kuomba kumiliki silaha. Nikaandika: fisi. Kulwa sikumwandika.

Ijumaa, 14 Juni
Maombi yangu yamesomwa mbele ya dagashida, mkutano wetu mkuu, kijiji kizima kimekaa. Waliulizwa kama mimi ni mlevi, mgomvi, mwizi. Wakasema hapana. Mzee Jilala, kamanda wa sungusungu, yeye na watu wake wa pinde na mishale ndio ulinzi wetu, alisimama akasema hana pingamizi, ila siku hizi mwenye bunduki anajitosheleza. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kulwa hakucheka. Nikajua ni roho mbaya.

Jumanne, 9 Julai
Siku nzima Bariadi, polisi, alama za vidole. Picha mbili, barua tatu, foleni. Wino haujatoka kwenye kidole gumba hadi sasa.

Narudi jioni nakuta uzio wa zizi la Kulwa umeungua, ndama mmoja kafa. Cheche zilipeperuka kutoka jikoni. Nimempa pole. Macho yake mekundu, sauti imekauka kwa kupiga mwano. Ukipiga mwano hapa, ile kelele yetu ya kuomba msaada, kila boma linaupokea na kuupeleka mbele, na kila mtu lazima atoke mbio. Sikuuliza waliofika ni wangapi. Moyoni nilisema: bunduki haikuzima moto. Mungu anisamehe. Niliona utamu kidogo.

Jumamosi, 3 Agosti
Hakuna jibu la kibali. Mgeni kutoka wilayani kaja kuhutubia wakulima wa pamba, Kulwa kakalishwa naye meza moja, kapewa soda ya baridi. Mimi nilipewa ya moto.

Jumatano, 28 Agosti
Kibali kimetoka! Tumbo limepona siku hiyohiyo. Mayu anasema si aliniambia.

Alhamisi, 12 Septemba
Ninayo. Madume mawili ya kulimia yalikwenda mnadani, nikapanda basi la Mwanza, leo nimerudi nayo na nimeiandikisha polisi. Mitutu miwili. Ya Kulwa ni mmoja. Nilimwambia muuzaji wazi kabisa, nataka yenye miwili.

Kutoka Bariadi nilikodi bajaji. Nikamwambia dereva apige honi tangu darajani. Watu wakatoka. Uani kwangu palijaa, kuna waliokaa juu ya vinu.

Kulwa naye alikuja. Kaishika, kaipima uzito, kasema, "Mitutu miwili. Umenishinda, Doto." Akaniwekea mkono begani. Nilimtafuta wivu usoni, nikatafuta tena wakati anaaga. Haukuwepo. Hilo limeniharibia siku.

Jumatatu, 16 Septemba
Fundi kafunga sanduku la chuma ukutani, chumba cha pili, kama sheria inavyotaka. Kufuli mbili. Bunduki sanduku moja, risasi kisanduku kingine. Minza kahamisha magunia yake ya mtama, kanung'unika tangu asubuhi hadi maziwa yamechacha. Dada yake aliyekuwa ashinde hapa wiki nzima na watoto kaahirisha. Anaogopa watoto na silaha. Nikasema iko kwenye chuma. Akasema hata hivyo.

Jumamosi, 21 Septemba
Majaribio. Nilipeleka barua polisi kwanza, nikaruhusiwa risasi mbili. Nyuma ya kichuguu, hakuna mtu. Mtutu wa kulia ulilia vizuri sana na ukanitupa chini. Bega limevimba, kofia sijaiona. Mtutu wa kushoto ulisema "ka" tu. Nikasubiri. Nikajaribu tena. "Ka." 

Nimempigia muuzaji. Anasema labda vumbi, niipeleke Mwanza na karatasi zote. Mbuzi wawili wamekimbilia korongoni kwa ule mlio mmoja, tumewatafuta hadi jioni. Ng'ombe mwenye maziwa mengi kaminya, hatoi tone.

Kwa hiyo nina mtutu mmoja. Kama Kulwa.

Jumapili, 22 Septemba
Siwezi kuinua jembe. Mkono wa kulia unaishia kiunoni. Minza kanikanda kwa maji ya moto, naona mashavu yake yanavyozuia kicheko.

Alhamisi, 26 Septemba
Alfajiri fisi kaingia zizini. Huyo ndiye. Nimengoja siku hii tangu Mei.

Funguo ziko shingoni. Kufuli ya kwanza, sawa. Ya pili, ufunguo hauingii, kumbe ni wa kisanduku cha risasi. Nikabadilisha. Nikatoa bunduki. Nikarudi kwenye risasi. Ufunguo umeanguka. Natambaa sakafuni na tochi mdomoni. Nilipotoka nje Minza alikuwa anarudi na mchi mkononi, anahema. Alikuwa amemfukuza fisi hadi barabarani, na mbuzi kaachiwa alama ya jino moja tu mguuni.

Kaniambia nirudishe bunduki ndani, baridi itaniingia kwenye bega. Sijala leo.

Alhamisi, 3 Oktoba
Siku mbaya. Mchana umepigwa mwano upande wa mashariki, wezi wa ng'ombe. Nikasema leo watajua. Nikafungua sanduku, safari hii haraka, nikakimbia na bunduki. Nilifika wa mwisho. Safu ilikuwa imeshapangwa, pinde mkononi, watu wanatandaza kando ya mashamba. Mzee Jilala kanyanyua mkono, akanizuia kama ndama.

"Doto, hicho kitu hakina safu hapa. Kirudishe, uje na upinde."

Kwamba watu wako mbele na nyuma, wamejificha vichakani, chembe za marisau zinatawanyika, hazichagui. Alisema kwa adabu. Lakini mbele ya watu. Kulwa alikuwa kwenye safu na upinde wa zamani wa baba, nafasi nzuri, katikati. Bunduki yake kaiacha, kaja na upinde, kaonekana mwema, nami naonekana mjinga. Nikaona ni yeye kawapanga.

Nikasema kwa sauti kubwa kama hamnihitaji, siji tena. Kila mtu alisikia. Nikageuka nikaenda zangu. Wale ng'ombe walipatikana bila mimi.

Jumapili, 6 Oktoba
Benchi la mbele lilikuwa wazi. Nikakaa. Hakuna aliyekaa nami, nimesali peke yangu kwenye benchi la watu sita. Kulwa kakaa nyuma na wengine, kwenye vumbi. Anajionyesha kuwa mnyenyekevu. Hata unyenyekevu anataka awe nao mwingi kuliko mimi.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mwano tena, saa tano asubuhi. Minza kachukua fimbo akatoka. Alisimama mlangoni akinitazama. Nilikuwa nasafisha mtutu wa kushoto kwa kitambaa. Nikaendelea kusafisha.

Karudi saa nane, hakunisimulia. Chakula kaweka, kaenda kulala kwa Mayu.

Jumanne, 29 Oktoba
Nimekwenda Mwanza na bunduki, nimerudi nayo. Fundi wao anasema springi ya ndani imekatika, kipuri kinaagizwa, hajui lini. Kanishauri nitumie mtutu wa kulia kwa sasa. Wengi wanaonunua, alisema, hawafyatui hata mara moja, kwa hiyo nisijali.

Nimejali njia nzima.

Jumanne, 5 Novemba
Niandike kama ilivyotokea.

Nilikuwa nachunga mwenyewe karibu na lambo. Bunduki iko nyumbani, kufuli mbili. Siwezi kuchunga na silaha begani, sheria hairuhusu na bega pia haliruhusu. Saa saba hivi wakatokea watatu kutoka korongoni, mapanga mkononi. Hawakukimbia. Walikata kundi taratibu, wakachukua sita, majike yote, wakaanza kuwaswaga. Mmoja alinisalimia.

Nikapanda kichuguu nikapiga mwano. Nilipiga kwa nguvu zote. Nikangoja boma la kwanza lipokee.

Kimya.

Nikapiga tena. Shambani kulikuwa na wanawake wawili wanapalilia. Walinyoosha migongo. Wakanitazama. Nawajua, mmoja mtoto wake nilimpa jina. Wakainama tena, wakaendelea na majembe yao. Kwa mbali nilimwona mwanamume amesimama kwenye paa anaezeka. Hakushuka. Nikapiga mara ya tatu, sauti ikakatika katikati. Nikakaa juu ya kichuguu. Nilikuwa nawatazama ng'ombe wangu wakiondoka na mkia wa mwisho ukipunga inzi.

Kisha Kulwa. Alikuja anakimbia kutoka shambani kwake, jembe mkononi, hana hata shati. Ameniuliza neno moja tu, wako wapi. Nikanyoosha kidole. Akapanda kichuguu pembeni yangu, akapiga mwano.

Sauti zetu ni moja. Mayu mwenyewe hukosea akiwa ndani. Lakini yeye alitaja jina lake. Boma la kwanza likapokea. La pili. Yule wa paani akashuka. Wanawake wakatupa majembe wakapiga vigelegele vya kupeleka habari mbele. Kabla hatujafika korongoni kulikuwa na pinde arobaini nyuma yetu, filimbi kila upande. Wezi waliona safu, wakaacha ng'ombe, wakakimbia. Hakuna aliyeumia. Sita wote wamerudi.

Hakuna aliyenisemesha. Walimsemesha Kulwa. Waliniswagia ng'ombe hadi zizini, wakafunga mlango wa miiba, wakaondoka.

Nilipaswa kushukuru. Nilikuwa na wivu hadi meno yanauma.

Jumatano, 6 Novemba
Kulwa kaja asubuhi. "Mwangaluka, Mayu," kisha akakaa nami zizini, tunatazama ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini hakuja na bunduki yake.

Hana bunduki. Tangu Agosti. Kairudisha polisi Bariadi, iuzwe kwa mtu mwingine mwenye kibali.

Kasema ni ule moto. Alipiga mwano mpaka sauti ikaisha. Wakaja watu wanne. Wengine walidhani kavamiwa na mwizi, wakaogopa kukatiza risasi, na wengine walisema mwenye bunduki hana haja yao. Hakuwalaumu. Alikwenda boma kwa boma, akaomba msamaha, akaitoa nyumbani. Yote hayo mimi niko kwenye foleni na wino kidoleni.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Siku ile ya bajaji alisimama uani kwangu, akaishika, akanisifu, na yeye tayari anajua.

Kasema, "Ulikuwa umefurahi. Ningesema, ungesema nakuonea wivu."

Kweli ningesema. Ningeandika humu pia.

Na ya kwake, nikauliza, ilikuwa inapiga vizuri? Kacheka. Hajawahi kuipiga. Aliogopa mlio. Miezi mitatu ile watu walipomwinukia, alikuwa nacho kitu asichothubutu kukigusa. Nimecheka nikiwa sitaki, bega likauma.

Kisha kaondoka, nikabaki zizini. Hata kuirudisha katangulia. Hata kuomba msamaha katangulia. Nikienda sasa nitaonekana namwiga.

Alhamisi, 7 Novemba
Sijatoka. Mayu kaniita. Kasema anasikia naumwa tena. Nikamwambia Kulwa kairudisha yake. Akasema basi kazi imekuwa rahisi, hawapewi kimoja na hawanyimwi kimoja.

Nadhani ananidharau kidogo. Nadhani ana haki.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimesimama mbele ya dagashida. Sikuwa na maneno mazuri. Nimesema nilikosea kutokuja Oktoba, mara mbili, na nilikosea kusema niliyosema. Nikasema bunduki inaondoka.

Mzee Jilala kasema, "Siku ile ulisema huji tena. Sisi tukadhani hutaki na sisi tuje."

Hakuna aliyecheka. Faini: dume moja, liliwe na kijiji kizima, na ugali upikwe kwangu. Nimebakiwa na madume matatu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Kulwa kasimama akataka kuchangia nusu, eti sisi ni wamoja. Nikakataa. Kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika. Faini ni yangu. Hata faini anataka tugawane.

Jumamosi, 16 Novemba
Dume limeliwa. Watu wengi mno uani, hakuna aliyekaa juu ya kinu, wote walikaa chini na kula. Yule mama wa shambani kanikaribia, kanipa bakuli nimwongezee mchuzi. Nikamwongezea nyama pia. "Wabeja," kashukuru. Nimeingia ndani nikaosha uso.

Dada yake Minza kaja na watoto. Watalala.

Jumatatu, 18 Novemba
Bunduki iko polisi. Askari kajaza fomu, kaniuliza sababu ya kurudisha. Nikasema haikunifaa. Akaandika hivyohivyo. Akaniuliza kama ina kasoro nikamwambia mtutu wa kushoto haupigi, ajue atakayeichukua.

Minza kaweka mtama kwenye sanduku la chuma. Panya hawaingii. Hilo ndilo zuri lake.

Alhamisi, 28 Novemba
Mvua imenyesha siku mbili, udongo laini. Nimepanda mistari minane ya pamba na jembe la mkono, kwa kuwa madume ya kulimia hayatoshi. Bega linashika vizuri sasa.

Saa tisa mwano, upande wa magharibi. Nilichukua upinde, nikakimbia. Nilifika wa kumi au kumi na moja. Mzee Jilala kaninyooshea kidole mahali pa kusimama, pembeni, karibu na mnyaa. Nikasimama. Ilikuwa punda wa mtu kaanguka kisimani. Tumemtoa kwa kamba, watu ishirini, matope hadi kifuani.

Mwenye punda kaleta matobolwa na karanga, viazi bado vya moto. Akapita akigawa kwa mkono, mtu kwa mtu, tumekaa kwenye majani yaliyolowa. Kulwa yuko pembeni yangu. Yeye kapata kipande kikubwa. Nimekiona. Nimekula changu.